Siku Tuliyomchukua Okoth

Migori, Jumapili alasiri

Robi mwanangu,

Umekwenda kuaga kwa shangazi yako ng'ambo ya mto, na baba yako amesinzia kitini huku redio yake ikizungumza peke yake. Nimekaa mezani na daftari lako la jiografia, lile ulilobakiza kurasa za nyuma. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana nikikuona unafunga kamba kwenye lile sanduku moyo wangu utalainika, na leo sitaki ulainike. Leo nina hasira. Hasira ikipoa nitaanza kukuandikia habari za kuchemsha maji na kutowaazima watu nguo zako, na hayo unayajua.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotulea katika nyumba hii. Baba yako hakujifunza Kikuria changu hata maneno kumi, na Kijaluo changu wanakicheka sokoni mpaka leo. Makosa ya herufi utayasahihisha mwenyewe. Unajua nilivyoanza kusoma nikiwa mtu mzima, lakini hujui kwa nini, na humu utajua.

Jana kanisani mzee alikusimamisha mbele ya watu wakuombee. Akasema unakwenda Kisumu kujifunza uuguzi, na kwamba huhitaji mfano wa mbali kwa sababu unao nyumbani. Akasimulia tena jinsi mama yako alivyopita kwenye mafuriko kwenda Homa Bay kumtoa mjukuu wake mdomoni mwa mauti. Watu wakaitikia amina. Nikatazama sakafu kama mtu mnyenyekevu. Nilipoinua macho nikakuta unanitazama. Hukunitazama kwa dharau. Ungenidharau ningepata mahali pa kushika, ningekugombeza tukiwa njiani kurudi. Ulinitazama tu, kisha ukashusha macho, kama ulivyoyashusha miaka sita hii yote kila habari hiyo inapotajwa.

Sikula chakula cha Sabato. Nilisema kichwa kinaniuma. Kichwa hakikuniuma.

Sasa nitaandika yote tangu mwanzo, hata yale uliyoyaona, maana ulikuwa na miaka kumi na miwili, na mtoto huona jambo bila kujua lilikotoka.

Lilitoka mbali. Baba yako aliponioa, mama yake hakunitaka. Kwao mimi nilikuwa mwanamke wa watu wa ng'ombe kutoka mpakani, nisiyejua kupika samaki wala kuongea. Nilipomzaa kaka yako Ochieng, yule mama alikuja, akamchukua mikononi mwangu akiwa na siku nne, akasema mimi sijui kubeba mtoto. Ochieng aliletwa kwangu kunyonya tu, kisha anachukuliwa. Ilikuwa hivyo mpaka alipojua kutembea. Nililia sana, na nikaapa kwamba siku nitakapokuwa mama mkwe, mke wa mwanangu hatalia kwa ajili yangu. Niliapa kwa sauti, nikiwa peke yangu mtoni, nikifua nepi za mtoto niliyekatazwa kumbeba. Ukitaka kujua mtu anavyoweza kuapa na kusahau, nitazame mimi.

Ochieng alipomwoa Peresi, nilimpokea vizuri mbele ya watu. Moyoni sikumpenda. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nane, na mimi wakati ule nilikuwa naweka alama ya kidole. Alikuwa Mkatoliki. Alitoka Kosele, na baba yako alimwita Nyar Kosele, binti wa Kosele, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kutaja kwetu mimi. Alikuwa hasemi sana. Ukimfundisha kitu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, Mama," kisha akafanya kama alivyojua yeye. Hilo ndilo lililonichoma. Hakunibishia hata mara moja.

Halafu ukaja ule mwaka wa mvua, kabla ya uhuru, kabla ya bendera kubadilika. Mvua ilinyesha mpaka watu wakaacha kuizungumza. Ziwa lilipanda, na kule Homa Bay, ambako Ochieng alikuwa karani kwenye gati la meli, maji yaliingia kwenye nyumba za chini. Barua yake wewe ndiye uliyenisomea, umesimama hapo mlangoni na sare ya shule. Alisema mtoto anaharisha siku nyingi, Peresi ana homa hawezi kusimama, na kama Mama anaweza kuja, aje. Okoth alikuwa na miezi tisa. Tulikuwa tumemwona mara moja tu.

Nilifurahi, Robi. Naandika hivyo ilivyo. Nilisikitika kwa ajili ya mtoto, ndiyo, lakini chini ya masikitiko kulikuwa na furaha. Nyar Kosele ameshindwa, na mimi nimeitwa.

Baba yako alikuwa na mzigo wa mahindi wa kupeleka gatini kwa lori la tajiri wake, kwa hiyo tukapanda sote watatu mbele, wewe katikati na kikapu miguuni. Ulikuwa hujawahi kusafiri mbali. Uliuliza jina la kila soko. Awendo, Rongo, Rodi. Nilikuwa nakujibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa nikipanga maneno nitakayosema nikifika. Baada ya Rodi, kwenye ule udongo mweusi, lori lilizama mara mbili, na baba yako akakata matawi akayaweka chini ya magurudumu. Tulifika jioni tukiwa na matope mpaka magotini. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kanisa linaipenda, na hiyo ni kweli. Matope yalikuwepo.

Unakumbuka nyumba tuliyoikuta. Walikuwa wamehamia chumba cha kupanga huko juu, sakafu ina unyevu, vyombo havijaoshwa, mtoto amelala juu ya gunia lililotandikwa kanga. Peresi alikuwa amelala kando yake, na tulipoingia alijaribu kuinuka akashindwa. Alisema, "Karibuni, Baba. Karibu, Mama. Samahani kwa nyumba."

Sikumwitikia. Nilichukua ufagio. Nilifagia chumba cha mtu ambaye sikuwa nimemjulia hali, nikavigonganisha vyombo ili asikie. Ochieng alisimama pale mlangoni na viatu vyake vya ofisini akatazama. Mwanangu yule nampenda, lakini ni mwoga, na ninaandika hivyo nikijua mwoga huyo alilelewa na nani.

Tulilala kwa mama mmoja wa kanisa jirani, maana wazazi hawalali nyumba ya mwana wao. Asubuhi nilimchukua Okoth, nikamfunga mgongoni mwako, tukaenda hospitali. Peresi alisema leo ni siku ya kumpeleka na kwamba anaweza kutembea polepole. Nikamwambia alale.

Yule dresa aliyetupokea, mganga msaidizi ambaye wewe ulimwita daktari, ulimwona. Alikuwa mtu mfupi, mpole, akimgusa mtoto tumboni kama mtu anayegusa mkate kujua kama umeiva. Akamtazama machoni, akavuta ngozi ya tumbo akaiachia, akatabasamu. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba miaka sita. Sijapunguza hata moja.

"Mama wa huyu mtoto amekuja hapa siku tano mfululizo, amepita majini, na yeye mwenyewe ana homa kuliko mtoto. Mtoto amevuka. Sasa kinachomshikilia ni maziwa ya mama yake na kuwa karibu naye. Msimwachishe. Msimtoe kwake."

Akaandika kwenye kadi, akaniwekea mkononi. Niliishika kichwa chini. Wewe ndiye uliyeigeuza.

Tulirudi kwa miguu, wewe ukitangulia na mtoto mgongoni. Ulidhani tunafikiri jambo lilelile. Nilikuwa nafikiria siku tano. Siku tano amepita majini na homa, na hakusema. Nimefika nimegonganisha vyombo, na yeye anasema samahani kwa nyumba. Mtu mwingine angemwendea akamshika mkono. Mimi nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu alikuwa mama mwema na hakunihitaji. Nilikuwa nimepita kwenye matope yale yote kuja kumwokoa mtoto, na mtoto alikuwa ameshaokolewa na mama yake.

Tulipofika, baba yako na Ochieng walikuwa nje. Wakauliza dresa amesema nini. Nikasema, "Amesema hapa hatapona. Hewa ni mbaya, na mama yake hana nguvu. Amesema tumpeleke Migori."

Nilisema hivyo mtoto akiwa mgongoni mwako. Uligeuka ukanitazama, nami nikakutuma maji.

Ochieng alisema, "Kama ni hivyo, Mama." Baba yako akasema lori linaondoka kesho. Ikawa imeamuliwa na watu watatu, na mwenye mtoto yuko ndani amelala. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia. Hakulia. Aliuliza dresa gani. Nikasema yule mfupi. Akaniambia, "Mama, huyu hajalala hata siku moja bila mimi."

Nikamwambia atazoea.

Asubuhi alimwosha mwenyewe, akamfungia nguo zake kwenye kitambaa. Alisimama mlangoni ameshikilia fremu. Nilipanda lori sikutazama nyuma. Wewe ulitazama mpaka tukapita kona.

Sasa habari ya Kuja. Kabla ya kufika daraja la Mto Kuja tulikuta magari yamesimama. Maji yalikuwa yamepanda juu ya daraja, na watu walisema tungoje yashuke. Tulikaa pale tangu saa sita mpaka kesho yake mchana. Okoth alikataa kikombe. Alikataa kijiko. Alikuwa anageuza uso kifuani kwangu akitafuta, hapati, analia. Kisha akatafuta kwako, kifua cha mtoto wa miaka kumi na miwili, na wewe ukaona haya ukaanza kulia naye. Alilia mpaka sauti ikakatika, akabaki anafungua mdomo tu. Akaanza kuharisha tena.

Hapo ndipo ulipoongea. Ulimwambia baba yako, si mimi. Ulisema, "Baba, daktari hakusema hivyo. Daktari alisema asitolewe kwa mama yake, alisema amesha..."

Nilikupiga kofi kabla hujamaliza. Nilikupiga kwa mkono uleule niliokuwa nimemshikia mtoto, kwa hiyo nilimlaza kwanza mapajani. Nafikiri juu ya hilo. Nilipata nafasi ya kumweka mtoto chini vizuri, na bado sikuacha.

Baba yako alinitazama, akakutazama wewe, akafungua mlango, akashuka kwenda kutazama maji. Maji yalikuwa yaleyale aliyoyatazama muda mfupi kabla. Kama angegeuza lori pale, tungekuwa Homa Bay kabla ya jua kuzama. Barabara ya nyuma yetu ilikuwa wazi.

Nisamehe kwa kofi lile. Sijawahi kusema. Nilikupikia mayai siku tuliyofika, nikadhani nimesema.

Hapa Migori nilimtunza Okoth. Hilo si uongo. Nilimkesha, nilimpa uji wa wimbi kwa kidole, maziwa ya mbuzi niliyoyachemsha mara mbili, nilimbeba mpaka mgongo ukapinda. Wiki ya kwanza nilidhani tutamzika, na niliomba kama sijawahi kuomba, lakini hata katika maombi sikumwambia Mungu nilichofanya. Akapona. Akanona. Akaanza kusimama akishika kiti. Jirani walikuja kumwona, wakauliza nilimkutaje huko Homa Bay, na mimi nikasema. Mara ya kwanza nilisema kwamba nilimkuta kwenye gunia, na ni kweli. Mara ya pili nikaongeza mama yake alikuwa amelala mchana, na ni kweli pia. Mara ya tatu dresa akawa amesema mtoto ana siku mbili za kuishi. Habari ilikua kama mtoto mwenyewe alivyokua, na nilikuwa nailisha.

Peresi alikuja baada ya wiki tano. Barabara zilikuwa bado mbaya. Alipata gari mpaka Rongo, kutoka hapo akatembea siku mbili. Aliingia uani viatu viko mkononi. Wewe ndiye uliyemwona kwanza ukamkimbilia. Okoth alikuwa mapajani mwangu. Peresi akapiga magoti, akanyoosha mikono, akamwita kwa lile jina lao la nyumbani.

Okoth akamtazama, akageuka, akanishika shingo.

Na nilifurahi, Robi. Nimeandika neno hilo kwa mara ya pili katika barua hii, na hizo ndizo furaha mbili ninazozionea aibu kuliko kosa lolote nililotenda. Nilimshika mtoto kichwani, nikasema, "Amekusahau kidogo." Niliisema taratibu, kwa huruma, ili asinishike popote.

Aliinuka, akapangusa magoti. Akasema, "Mama, nimekuja kukaa na mtoto wangu. Akinizoea nitakwenda naye. Asiponizoea, nitakaa."

Akakaa siku tisa. Alilala jikoni pamoja nawe. Aliteka maji, alichanja kuni, aliniita Mama. Mimi niliamka alfajiri nimpe Okoth uji kabla yeye hajaamka, ili ashibe mkononi mwangu. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na zaidi, ninashindana na msichana aliyekauka maziwa. Maziwa yale hayakurudi. Alijaribu, nilimwona akijaribu, mtoto akimsukuma. Okoth hakunyonya tena.

Siku ya sita nilikuona wewe nyuma ya jiko. Ulikuwa umemwiba Okoth nilipokwenda sokoni, umempeleka kwa mama yake, na amekaa mapajani mwake akicheza na vifungo vya blauzi. Ulikuwa unachungulia upande wa lango kuangalia kama ninakuja. Nilikuwa nimekuja kwa upande wa pili. Nikarudi nyuma polepole, nikazunguka, nikakohoa langoni ili mpate nafasi ya kumrudisha. Mwaka ule wote hilo ndilo jambo jema pekee ninaloweza kulitaja, na hata hilo lilikuwa kutosema tu.

Siku ya tisa Okoth alilia Peresi alipokwenda kisimani. Akalia mpaka aliporudi. Basi akafunga vitu vyake. Alipokuwa anaaga aliniambia, "Mama, naomba kadi yake ya hospitali."

Nilikuwa nimeificha chini ya nguo kwenye sanduku. Ningeweza kusema imepotea. Sijui kwa nini sikusema, labda nilikuwa nimechoka. Nikaileta. Aliisoma akiwa amesimama, mtoto mgongoni. Ile kadi ilikuwa na tarehe za siku zake tano, na chini yake, kwa mwandiko wa dresa, yale aliyoniambia. Wewe ulikuwa umeisoma zamani. Baba yako angeweza kuisoma siku yoyote kama angeiomba. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa siwezi kuisoma, na mimi ndiye niliyekuwa nimeificha. Niliona macho ya Peresi yakienda mstari kwa mstari, yakafika chini, yakarudi juu, yakashuka tena. Akaikunja, akaitia kifuani.

Akasema, "Asante kwa kumtunza, Mama."

Akaondoka. Wiki iliyofuata nilijiandikisha kwenye masomo ya watu wazima. Kila mtu alidhani nataka kusoma Biblia.

Nilimkasirikia Peresi kwa miaka mitatu baada ya hapo. Kwa nini hakunitukana? Angenitukana ningelia, ningeomba radhi, au ningemtukana pia, na jambo lingekuwa limetoka nje. Yeye alikuja kila Krismasi, akapika, akaosha, akaniletea kitambaa cha kichwa. Ana watoto wengine wawili sasa. Umewahi kuniona nimempakata Achieng? Umewahi kuniona nimembeba yule mdogo? Nikinyoosha mikono, amelala, au amelowa, au Peresi anampitisha kwako kana kwamba hakuona mikono yangu. Anafanya hivyo kwa upole mpaka wageni hawaoni. Mimi naona. Halafu Okoth anakuja mbio, ananiita Dani, yaani bibi, ananirukia mgongoni, ananionyesha jino lililong'oka. Peresi hajamfundisha mtoto yule kunichukia. Angeweza. Ningekuwa mimi, ningemfundisha.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mzee wa kanisa. Nimemwambia yote, nikiwa nimesimama sebuleni kwake, sikukubali kiti. Alisikiliza. Kisha akasema, "Mama Ochieng, mtoto alipona. Hilo ndilo Mungu analolitazama. Usiwavuruge watu bure." Nilimwambia sijaja kuomba ruhusa. Lakini nilipotoka niliogopa, kwa sababu alikuwa amenipa njia ya kutokea, pana, yenye maua, na mguu mmoja ulikuwa umeshaanza kuifuata.

Nikarudi nikamwambia baba yako. Alikuwa anasafisha viatu vyake. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nilijua tangu Mto Kuja."

Nikamwuliza mbona hakusema.

Akasema, "Ulikuwa umeshika mtoto."

Nimeishi na mtu yule miaka thelathini, na sijui mpaka sasa kama hilo ni jibu la mtu mwema au la mtu mvivu. Ndiyo maana amelala kitini. Akiona nimekasirika hulala.

Na wewe pia nimekukasirikia. Ulipigwa kofi moja ukanyamaza miaka sita. Najua ulikuwa mtoto na mkono ulikuwa wangu. Lakini ulipofika miaka kumi na tano, kumi na sita, ulipokuwa unanijibu juu ya kila kitu, nguo, rafiki, saa za kurudi nyumbani, hilo hukunijibu. Nilikuwa nakungoja useme. Kila ulipofungua mdomo kwa ghadhabu nilidhani leo atalisema, na nilikuwa tayari, nadhani nilikuwa tayari. Ukashusha macho tu. Nilikufundisha vizuri, na hilo linanikasirisha zaidi ya yote.

Huko unakokwenda watakuvalisha nguo nyeupe, na watu watakuamini kwa sababu ya nguo. Utakutana na wanawake kama mimi. Wataingia wodini na vikapu, wataanza kupanga kitanda kabla ya kumwamkia mgonjwa. Wengine watakuwa wazuri sana, watabeba watoto vizuri, utawapenda. Sikuambii uwafukuze. Lakini ukiwa na neno la kusema kuhusu mtoto, usimwambie bibi peke yake ukadhani litafika. Litafika limebadilika. Mwambie mama yake. Kama amelala, ngoja aamke. Yule dresa alikuwa mtu mwema, na kosa lake lilikuwa moja tu, aliniona nimekuja na matope miguuni akadhani mtu aliyepita kwenye matope hawezi kusema uongo.

Na ukiona jambo, liseme. Ukikatizwa, lianze tena. Sitakuambia kwamba haitauma.

Kesho basi litakufikisha Homa Bay mchana, na meli ya Kisumu ni kesho kutwa. Utalala kwa Peresi. Atakupikia, atakuuliza habari za nyumbani, na najua utatamani kumwambia kwamba Mama ameandika barua. Usimwambie. Usimpelekee pole yangu, usimpelekee salamu zenye machozi, usimwonyeshe karatasi hizi. Nimewatuma watu maisha yangu yote. Nilikutuma wewe maji siku ile ili usiseme. Hili sitakutuma.

Nitakwenda mwenyewe Jumatano. Baba yako ameuliza kama anipeleke, nimekataa. Nitakwenda kwa basi, na sitabeba kikapu, kwa sababu nikibeba kikapu nitaanza na unga na siagi na habari za ng'ombe, na siku itaisha. Ochieng atakuwa kazini. Nataka awe kazini. Nitamwambia Peresi kile dresa alichosema, neno kwa neno, na kile nilichosema mimi nje ya mlango wake akiwa amelala. Anajua. Nitamwambia hata hivyo, kwa mdomo wangu, na Okoth akiwa karibu asikie, maana ana miaka sita na nusu na habari ile imeanza kumfikia kutoka kwa watu wengine kama mimi nilivyoitengeneza.

Pengine ataniambia niondoke. Pengine atasema, "Sawa, Mama," kisha atafanya kama anavyojua yeye. Sitamwomba anipe mtoto nimpakate. Nimejiapia hilo leo, na unajua viapo vyangu, kwa hiyo hiki nimekiandika hapa ili uwe nacho mkononi.

Nasikia sauti yako kwa jirani. Unacheka. Naikunja barua.

Mama yako